Usiniulize kama Ayurveda inaponya

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri hapa Tanga, mbele ya kikundi cha wenye kisukari na presha pamoja na jamaa zao. Waliokosa wameomba yaandikwe. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa picha nilizoonyesha ukutani, ambazo hapa hazina kazi.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, nanyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo, na wanaostahili shikamoo yangu, shikamooni.

Mwenyekiti amenipamba sana. Mimi ni mfamasia, basi. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa muda mrefu, mpaka swali la mtu nalijua kabla hajafungua mdomo. Anaingia, anajifanya anatazama dawa za meno, anasubiri mteja mwingine atoke. Halafu ananisogezea simu. Kuna tangazo mtu kamtumia, lenye majani ya kijani na mzee mwenye ndevu nyeupe. "Hebu nisaidie mwanangu. Hii Ayurveda, dawa ya Wahindi, inaponya kweli?"

Leo nasema hadharani ninachokisema pale kaunta kwa sauti ya chini. Swali hilo silijibu, kwa sababu halina jibu. Ukiniuliza kama dawa za hospitali zinaponya, nitakujibu nini? Panadoli inashusha homa, lakini malaria haiitibu. Ayurveda nayo ina maelfu ya dawa. Zimo zinazofanya kazi. Zimo zisizofanya lolote, ni hela yako tu inayokwenda. Na zimo zinazoharibu ini.

Kwa hiyo usiniulize kama Ayurveda inaponya. Niulize mambo matatu. Dawa ipi? Kwa ugonjwa upi? Nani kaipima? Hebu semeni nami, na huko mlangoni niwasikie. Dawa ipi? Ugonjwa upi? Nani kapima?

Ahsanteni. Sasa twende taratibu.

Kwanza tuwape wenyewe heshima yao. Vitabu vikuu vya Ayurveda, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vina umri wa karibu miaka 2,000, na sehemu zake nyingine huenda ni za zamani kuliko hapo. Cha Charaka kimejikita kwenye tiba ya dawa, cha Sushruta kwenye upasuaji. Naam, upasuaji! Wengi wetu tunadhani tiba za kale ni majani na mizizi tu. Sushruta anaeleza namna ya kumtengenezea pua mtu aliyekatwa pua.

Mnadhani ni hadithi? Mwaka 1792, kwenye vita vya Waingereza na Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kule India, mwendesha mikokoteni ya ng'ombe wa jeshi la Waingereza aitwaye Cowasjee alitekwa, akakatwa pua na mkono mmoja. Baadaye fundi mmoja wa ukoo wa wafinyanzi, karibu na Pune, akamchuna ngozi ya paji la uso bila kuikata moja kwa moja, akaigeuza, akamfanyia pua mpya. Waingereza walikuwepo, walitazama. Oktoba 1794 jarida moja la London likachapa habari hiyo na mchoro wake. Daktari Joseph Carpue aliisoma, akafanya mazoezi kwenye maiti, na mwaka 1814 akamfanyia mgonjwa wake wa kwanza London. Njia ya ngozi ya paji la uso ingali inatumiwa na madaktari wa upasuaji mpaka leo. Angalieni lakini: hakuna aliyewaambia London waamini kwa sababu jambo ni la kale. Waliona pua.

Nadharia yao nitaipita haraka. Wanasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha. Zikilingana una afya, ikizidi mojawapo unaumwa. Bibi zetu wa pwani nao wana mambo ya namna hiyo, vyakula vya baridi na vyakula vya joto, yaliyotufikia kwa njia ya matabibu wa Kiarabu. Hakuna maabara inayoweza kukupimia kapha yako, na anayekwambia ipo anakuuzia kitu. Lakini niseme na hili: tabibu wa Ayurveda, vaidya, anaweza kukaa na mgonjwa saa nzima akimuuliza usingizi, chakula, choo, ugomvi wa nyumbani. Sisi wa hospitali tunakupa dakika ngapi? Hapo tumezidiwa, tukubali.

Na msidhani ni mambo ya vichochoroni. India ina vyuo vikuu vinavyofundisha Ayurveda kwa miaka 5 na nusu mpaka shahada. Ina wizara kamili ya tiba hizo tangu 2014. Kule Jamnagar, Gujarat, Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2022 kituo chake cha kimataifa cha tiba za asili. Jamnagar! Wazee mnaokumbuka maduka ya Wahindi Tanga, Mombasa na Nairobi, mnajua ni familia ngapi zilitoka vijiji vya upande ule. Hata mwarobaini tunaokaa kivulini pake, na mlonge unaouzwa kila kona kama dawa yetu ya asili, miti yote miwili asili yake ni India. Tumekuwa tukinywa dawa zao muda mrefu kuliko tunavyojua.

Sasa wenye presha, hapa ni penu. Nyoosheni mikono mnaomeza dawa ya presha kila siku. Mikono juu, msione haya. Mnaona? Ukumbi mzima karibu.

Rudini nyuma kidogo mpaka Aprili 1945. Rais Roosevelt wa Marekani, mtu mwenye madaktari bora duniani, anakufa kwa kiharusi, presha yake ikiwa 300 kwa 190. Madaktari walikuwa wanaona presha inapanda mwaka hadi mwaka. Kwa nini hawakumpa dawa? Hawakuwa nayo. Enzi hizo mwenye presha kali aliambiwa apunguze chumvi, apumzike, na akizidiwa sana akatwe mishipa ya fahamu mgongoni. Vidonge hivi mnavyovilalamikia kwamba vinachosha havikuwepo.

Wakati huohuo, India kulikuwa na kichaka kifupi kiitwacho sarpagandha. Wataalamu wa mimea wanakiita Rauvolfia serpentina. Mzizi wake ulitumika kwa kuumwa na nyoka, kwa homa, kwa mtoto asiyelala, na kule Bihar uliuzwa kama dawa ya wazimu. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Calcutta, Gananath Sen na Kartick Bose, waliandika walichokiona kwa wagonjwa wao: mzizi huu unamtuliza mwenye wazimu, na pia unashusha presha. Nani aliwasikiliza? Karibu hakuna, nje ya India. Ilikuwa Roosevelt bado yuko hai, miaka 14 kabla ya kifo chake, na maandishi yapo.

Akaja daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil. Huyu akachukua wagonjwa 50 wa presha, akawapa mzizi, akapima, akaandika, akapima tena. Mwaka 1949 akachapa matokeo kwenye jarida la madaktari wa moyo la Uingereza, na hapo dunia ikageuka. Mwaka 1952 wakemia wa kampuni ya CIBA mjini Basel, Uswisi, wakatoa ndani ya mzizi ule kitu chenyewe kinachofanya kazi, wakakiita reserpini. Kikawa kidonge. Kwa miaka kadhaa kilikuwa miongoni mwa dawa chache sana za presha zilizokuwepo duniani, na hospitali za wagonjwa wa akili nazo zilikitumia. Mahitaji yakawa makubwa hata viwanda vikaja Afrika: nduguye kichaka kile, Rauvolfia vomitoria, anaota Congo, na magome ya mizizi yake yakawa yanasafirishwa kwenda Ulaya kutengenezea dawa hiyohiyo.

Kwa hiyo mtu akikwambia Ayurveda haijawahi kutibu presha, mwambie hajui historia. Kilichofuata, hata hivyo, wauzaji hawakisimulii. Dawa ilipopewa watu wengi, wengine waliingiwa na huzuni nzito, mtu analia bila sababu, hataki kuamka. Wengine pua ziliziba, wengine walisinzia mchana kutwa. Ikabidi kiasi kipunguzwe sana, na dawa nyingine zilipokuja reserpini ikasogea pembeni. Yote hayo tumeyajua kwa njia gani? Kwa kupima. Kazi ya mzizi na madhara yake, vyote vilionekana kwa jicho lilelile.

Na mnajua kwamba hadithi hii haijaisha? Zipo dawa za Ayurveda za presha zinazouzwa leo zenye mzizi huohuo ndani. Wewe una amlodipini yako ya hospitali. Jirani anakuletea vidonge "vya majani tu, havina kemikali". Unameza vyote. Sasa una dawa mbili za presha, daktari wako anajua moja. Siku unainuka kitandani kwenda msalani alfajiri, unaona giza, unaanguka, unavunja nyonga. Watasema ni uzee.

Nije kwenye jambo la pili, na hapa kina mama mnisamehe, kina baba mnisamehe zaidi, maana ninyi ndio mnaolificha. Kuna ugonjwa wa nasuri sehemu ya haja kubwa, wengine wanaita fistula. Panatoboka kijitundu pembeni, panatoa usaha, hapaponi. Mtu anakaa upande mmoja miaka. Upasuaji upo, lakini kuna wakati ugonjwa unarudi.

Sushruta alieleza tiba ya uzi. Unachukuliwa uzi, unapakwa utomvu wa mti wa jamii ya mnyaa, majivu ya mmea mwingine, na manjano, hii hii manjano ya pilau. Unapakwa na kukaushwa tabaka juu ya tabaka, mara 21. Uzi unapitishwa kwenye kile kijitundu, unafungwa, unabadilishwa kila wiki, na taratibu unakata na kuponya kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Banaras kiliifufua njia hii miaka ya 1960. Halafu Baraza la Utafiti wa Tiba la India likafanya jambo la kiungwana: likaipambanisha na kisu. Wagonjwa 502 waligawanywa kwa kura, huyu uzi, huyu upasuaji. Matokeo yakatoka 1991. Uzi ulichelewa, kiasi cha wiki 8 mpaka mgonjwa apone, ilhali upasuaji wiki 4. Lakini ugonjwa ulirudi kwa wagonjwa 4 kati ya kila 100 wa uzi, na 11 kati ya 100 wa upasuaji.

Dawa ipi? Uzi. Ugonjwa upi? Nasuri. Nani kapima? Baraza la utafiti, kwa wagonjwa 502. Hapo mimi nanyanyua mikono yote miwili. Mtu akitaka kwenda kwa mtaalamu wa uzi huo, namwambia nenda.

Sasa sikilizeni upande wa pili, kutoka vitabu vilevile. Kuna utomvu unaitwa gugguli, mti wake ni wa jamii moja na manemane yetu. Uliaminiwa kupunguza mafuta mwilini, na miaka ya 1980 India ikauidhinisha kama dawa ya kolesteroli. Ukauzwa mpaka Marekani. Mwaka 2003 watafiti wa Pennsylvania wakawapa watu wazima 103, wengine gugguli, wengine kidonge kitupu, bila mtu kujua anameza kipi. Kolesteroli mbaya ya waliomeza gugguli ilishuka? Ilipanda. Kidogo, asilimia 4 hadi 5, lakini ilipanda, na wengine wakatoka vipele.

Mnaona sasa? Tiba ileile, umri uleule, heshima ileile. Uzi umefaulu, gugguli imefeli. Ndiyo maana swali la "Ayurveda inaponya?" silijibu.

Na nisije nikasahau isabgol, yale maganda meupe ya mbegu kutoka Gujarat ninayoyauza kila siku. Kwa choo kigumu yanafaa kabisa, na kolesteroli yanashusha kiasi. Yanywe na maji mengi, tena mbali na saa ya dawa zako nyingine, maana yanaweza kuzizuia zisiingie mwilini. Haya yamepimwa mpaka yamechoka kupimwa.

Namwona mzee pale amekunja uso. Najua anachotaka kusema: na yule binti wa Raila je? Ni swali la haki, ngoja nilijibu. Rosemary Odinga aliugua, akapoteza uwezo wa kuona. Familia ilihangaika sana. Mwaka 2019 wakampeleka Kerala, kusini mwa India, hospitali ya macho ya Ayurveda ya Sreedhareeyam, na akarudiwa na sehemu kubwa ya kuona kwake. Waziri Mkuu wa India, Modi, aliisimulia redioni Februari 2022. Raila mwenyewe aliendelea kwenda huko, na ndiko mauti yalikomkuta Oktoba 2025, Mungu amrehemu, moyo ulisimama akiwa kwenye matembezi ya asubuhi.

Mimi namfurahia binti yule kwa moyo wote. Na sitasimama hapa kumwambia mtu aliyeona kwamba hakuona. Ila mimi mfamasia nikiwa na mgonjwa mmoja aliyepona, nina habari njema ya mgonjwa mmoja. Ni wangapi walikwenda na ugonjwa kama wake? Wangapi walirudi wakiona, wangapi walirudi na fimbo? Wangapi wangerudiwa na macho hata wangebaki nyumbani? Bila hesabu hiyo, siwezi kukwambia uza shamba uende. Na wapo wanaouza mashamba, ndugu zangu. Mnawajua.

Tufike sasa kwenye kilichomo ndani ya chupa. Hapa nitakaa kidogo, vumilieni.

Tunapenda sana neno "asili". Ni ya asili, haina madhara. Nani alisema? Sumu ya nyoka si ya asili? Zebaki haikutoka ardhini? Lipo tawi la Ayurveda liitwalo rasashastra ambalo kwa makusudi kabisa, siyo kwa bahati mbaya, linatumia zebaki, risasi, aseniki na madini mengine. Yanachomwa na kusagwa pamoja na majani, tena na tena, mpaka yanakuwa majivu laini yanayoitwa bhasma. Wenyewe wanaamini kwamba kwa kazi ile sumu inatoka. Mafigo ya mgonjwa hayajaambiwa.

Mwaka 2004 daktari Robert Saper na wenzake walitoa matokeo ya maabara ya dawa 70 za Ayurveda walizozinunua kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani. Dawa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Moja kati ya kila tano! Mwaka 2008 wakatoa matokeo mengine, safari hii ya dawa 193 zilizonunuliwa kwenye intaneti. Tena, karibu moja kati ya tano. Zilizotengenezwa India na zilizotengenezwa Marekani hazikupishana sana. Zile za rasashastra zilikuwa mbaya zaidi, asilimia 40 zilikuwa na madini hayo. Lakini hata zile za majani matupu hazikusalimika zote.

Mtasema hizo ni hesabu za maabara tu, mtu hafi kwa hesabu. Mwaka 2011 na 2012 jijini New York waligundulika wanawake sita wajawazito wenye risasi nyingi kwenye damu. Wote sita walikuwa wametumia dawa za Ayurveda, na baadhi yao walizitumia hasa kwa ajili ya ujauzito, uende salama. Risasi inapita kwa mama na kuingia kwa mtoto, na ubongo wa mtoto ukishaguswa na risasi hakuna dawa ya kuurudisha. Mama mjamzito uliye humu, au mwenye binti mjamzito: hapa sina maswali matatu, nina jibu moja. Usinywe.

Na risasi ni mjanja. Inakuletea maumivu ya tumbo, choo kigumu, kuishiwa damu, uchovu. Wewe unadhani tumbo limechafuka, unakwenda kuongeza ileile dawa.

Hata yasiyo na madini yana mambo yake. Wakati wa korona, 2020, India nzima ilikuwa inakunywa mmea wa giloy eti kuongeza kinga. Madaktari wa Mumbai wakaanza kupokea watu wenye macho ya njano. Kati ya Septemba na Desemba waliandika wagonjwa sita, ini limeshambuliwa, na wote walikuwa wakitumia giloy. Wizara ya tiba asili ilikataa, ikasema mmea umesingiziwa. Madaktari wa miji mingine wakaja na wagonjwa wengine wa aina hiyohiyo. Ashwagandha nayo, hii inayouzwa siku hizi kwa vijana wa mazoezi na kina baba wanaotafuta nguvu, Denmark waliipiga marufuku 2023. Na manjano? Manjano ya mchuzi kuleni, mchuzi bila manjano una nini? Ninayoiogopa ni ile iliyokamuliwa ikawekwa kwenye kapsuli pamoja na pilipili manga ili iingie mwilini kwa wingi zaidi. Hiyo sasa ni dawa yenye nguvu, na ini limewaharibikia watu kadhaa kwayo.

Sasa wa kisukari. Niliwaacha mwisho kwa sababu ninyi ndio mnaoibiwa zaidi.

Vitabu vya Ayurveda viliujua ugonjwa wenu tangu kale. Viliandika kwamba mkojo wa mgonjwa ni mtamu kama asali na sisimizi wanaufuata. Viliona hata kwamba kuna wagonjwa wembamba na kuna wagonjwa wanene, na kwamba hawafanani. Nani mwingine aliona hivyo zamani zile? Wachache mno. Lakini Charaka, bwana mkubwa mwenyewe, aliandika pia kwamba kisukari ambacho mtu amezaliwa nacho hakitibiki. Alikuwa mkweli. Alijua mpaka wa dawa zake akauandika. Sasa huyu anayekutumia tangazo la "kisukari kwisha kabisa siku 21" amesoma kitabu gani kumshinda Charaka?

Watoto wenye kisukari kile cha kukosa insulini walikuwa wanakufa. Wa India, wa Ulaya, wa hapa, wote. Hawakuanza kuishi mpaka 1922, Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipochomwa insulini.

Nimemwona kijana wa hapahapa, sitasema mtaa, aliyeletewa unga na shangazi yake mwenye mapenzi mema. Akaambiwa sindano zinaua figo, unga unasafisha damu. Akaacha insulini. Siku ya tatu alibebwa mgongoni, anahema kwa nguvu, hajitambui. Alipona, alhamdulillahi, baada ya kulazwa. Unga wenyewe labda haukuwa na sumu hata kidogo. Kilichotaka kumuua ni ile sindano iliyobaki kwenye friji.

Tulilijua hili, ama hatukulijua? 2011, Loliondo, kikombe cha Babu. Nani humu hakuwa na ndugu kwenye ule msururu wa magari kwenda Samunge? Wapo waliokunywa kikombe wakaendelea na dawa zao, wakarudi salama. Na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya virusi. Tuliwazika.

India kwenyewe wameliona. Wana sheria tangu 1954 inayokataza kutangaza kwamba dawa yako inaponya kisukari, saratani na magonjwa mengine yaliyoorodheshwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliwabana waanzilishi wa Patanjali, kampuni ya dawa za Ayurveda, kubwa kuliko mnavyoweza kufikiri, kwa matangazo yao ya kupotosha, mpaka wakachapisha kuomba radhi kwenye magazeti. Tangazo ambalo kwao lina kosa la jinai, kwetu linapita kwenye kundi la familia baina ya salamu za Ijumaa na mnuso wa harusi.

Mtu ataniuliza, basi tufanye nini, tutupe kila kitu? Sijasema hivyo. Mafuta ya kukanda magoti yanayokupa nafuu, endelea kukanda. Tangawizi yako, uwatu wako wa kiasi cha chakula, endelea. Lakini chochote unachokimeza kama dawa, mwambie daktari, kwa jina, hata akikunja uso. Akikunja uso sana njoo kwangu. Jani la gurmar, kwa mfano, ukilitafuna sukari inakuwa kama mchanga mdomoni, hilo ni kweli kabisa, watoto wanalifanyia mchezo. Linaweza pia kuishusha sukari ya damu, na ukilijumlisha na glibenklamidi, kidonge chako cha sukari, unaweza kudondoka sokoni. Daktari asipojua atakuongezea au kukupunguzia dawa kwa kubahatisha.

Chupa isiyotaja kilichomo, usiinunue. Isiyo na namba ya usajili, usiinunue. Iliyoandikwa bhasma, parad, yaani zebaki, au neno lolote la rasa usilolielewa, niletee kwanza. Na kama umeshatumia kwa miezi, omba kipimo cha ini na figo, na ukiwa na tumbo lisiloelezeka, mwambie daktari wazi kwamba unaogopa risasi, maana bila kuambiwa hatafikiria.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilimwomba awaambie mje na dawa zote mnazotumia, za hospitali na zisizo za hospitali, na naona mifuko ya rambo imejaa chini ya viti. Muuguzi yupo pale na mashine ya presha. Mimi nakaa meza hii. Wenye insulini na wajawazito mtangulie, wanaotaka kuniuliza mambo ya nasuri watasubiri watu wapungue, nawafahamu.